Maswali ya kompyuta: kuikabidhi Windows kadi ya grafiki ukiwa ndani ya Linux

Ujumbe mwingi wa safari hii umegusa jambo moja, kwa hiyo nayajibu kwa pamoja.

Fundi, nahariri video za harusi hapa Mwanga, Kigoma. Natumia Linux, na Windows nimeiweka ndani ya VirtualBox, ile programu ya kompyuta pepe, yaani kompyuta ya kuigiza inayoendeshwa ndani ya nyingine. Nina kadi ya grafiki ya Nvidia, GTX 1050 Ti, lakini Windows haiioni kabisa. Nakosea wapi?

Hujakosea, kaka. Windows iliyo ndani ya VirtualBox huonyeshwa kadi ya kuigiza tu. Ile halisi inabaki mikononi mwa Linux. VirtualBox iliwahi kuwa na njia ya majaribio ya kupitisha kadi, yaani kuikabidhi Windows kadi halisi, ikaondolewa kwenye toleo la 6.1. Hamia KVM, mfumo wa kompyuta pepe uliomo ndani ya Linux yenyewe, uiongoze kwa programu ya virt-manager. Huko kuna draiva iitwayo vfio-pci, inayoishika kadi kabla draiva ya Nvidia haijaamka, kisha inaikabidhi Windows nzima nzima. Windows ikiwa imewaka, Linux haiigusi kadi hiyo. Ndiyo maana unahitaji nyingine ya kuonyeshea Linux, na ile iliyomo ndani ya prosesa inatosha. Angalia tu jina la prosesa yako: za Intel zinazoishia na F hazina.

Monita uichomeke kwenye 1050 Ti yenyewe, maana picha hutokea huko, si kwenye dirisha la virt-manager. Ukiandika `lspci -nn` utaiona kadi kama vifaa viwili: 10de:1c82 ni picha, 10de:0fb9 ni sauti ya HDMI. Vyote viwili viende pamoja.

Ila kama Linux yenyewe unaifungua mara moja moja, weka Windows kwenye diski yake na uchague mfumo wakati wa kuwasha. Bibi harusi hatauliza video ilihaririwa wapi.

Shikamoo fundi. Niko Ujiji, nimepata kompyuta ya mezani iliyotumika. Muuzaji anasema inakubali kompyuta pepe. Niichukue?

Marahaba, mdogo wangu. Muuzaji anaweza kuwa mkweli na mashine isikufae vilevile. Kinachoendesha kompyuta pepe ni VT-x, uwezo ulio ndani ya prosesa za Intel. Kupitisha kadi kunadai VT-d, ambayo kwa AMD ni AMD-Vi, na jina la jumla ni IOMMU. Kadi ya grafiki husoma na kuandika kwenye RAM yenyewe bila kumwomba prosesa ruhusa. IOMMU ndiyo inayoibana isivuke mpaka ikaingia kwenye RAM ya Linux.

Bei ya prosesa haikuambii kitu. Core i7-2600K na i7-3770K zilikuwa za wenye pesa enzi zake, na hazina VT-d. Core i5-3470, iliyojaa kwenye kompyuta kuukuu za maofisini, inayo. Nenda dukani na flashi yenye Linux. Washa VT-d kwenye BIOS, ongeza `intel_iommu=on` kwenye mstari wa kuwashia kerneli (kiini cha Linux), kisha fungua folda ya `/sys/kernel/iommu_groups`. Ikiwa tupu, mrudishie mashine yake. Kagua na pawa saplai pia: Dell OptiPlex 7010 ile nyembamba ina wati 240 tu, kwa hiyo usiijaze kadi kubwa.

Niko Isevya, Tabora. Kwenye ile folda ya iommu_groups, kadi yangu iko kikundi kimoja na kidhibiti cha SATA (kinachoendesha diski) na kadi ya mtandao. Nimeshauriwa kutumia kiraka cha kerneli kiitwacho ACS override, ili kuvigawa vikundi. Ni salama?

Vifaa vilivyo kikundi kimoja IOMMU haiwezi kuvitenganisha, hivyo vinakwenda vyote au vinabaki vyote. Ukiikabidhi Windows ile SATA yenye diski ya Linux, umekata tawi ulilolikalia. Hamishia kadi kwenye sloti iliyounganishwa na prosesa moja kwa moja, mara nyingi ni ile ya juu, kisha sasisha BIOS na uangalie vikundi upya. Wengi huponea hapo.

Kiraka hicho hakimo kwenye kerneli rasmi, na kuna sababu. Kinaiaminisha kerneli kwamba vifaa vimetengana, wakati njia zake kwenye mazabodi ni zilezile. Kama Windows ni yako peke yako nyumbani, hatari hiyo unaweza kuibeba. Mashine ya kibandani ambako kila mteja anachomeka flashi yake? Mimi singeiwekea.

Kasulu hapa. Windows inaiona kadi ya Nvidia lakini inatoa kosa 43.

Zamani draiva za GeForce zilikuwa zinakataa zikigundua ziko ndani ya kompyuta pepe. Nvidia waliondoa kizuizi hicho mwaka 2021, kuanzia draiva ya 465. Weka mpya. Kama kadi yako ni ya kale mno na haipati draiva hiyo, ifiche KVM isionekane na draiva: kwenye XML (faili la mipangilio) ya kompyuta pepe andika `<hidden state='on'/>` ndani ya `<kvm>`, na ubadilishe vendor_id ya Hyper-V, jina ambalo kompyuta pepe hujitambulisha nalo kwa Windows.

Nina RX 580. Mara ya kwanza inakubali, nikizima Windows na kuiwasha tena, kioo cheusi.

Kadi kadhaa za AMD, hiyo ikiwemo, hazijirudishi vizuri kwenye hali ya mwanzo Windows ikizimwa. Jaribu vendor-reset, moduli ya kerneli ya kuirudisha kadi kwenye hali hiyo. Ikishindikana, dawa ni kuzima na kuwasha kompyuta nzima.

RAM ya GB 8 inatosha?

Haitoshi. Ukipitisha kadi, RAM yote uliyoigawia Windows hufungwa papo hapo, iwe inatumika au haitumiki. Ipe GB 6 uone Linux inavyohema na mbili. Tafuta 16.

Na laptopu je?

Kwenye laptopu nyingi zenye kadi mbili, kadi ya Nvidia haina njia yake ya kufika kwenye kioo; picha hupitia ile ya Intel. Inawezekana kwa baadhi, ila ni kazi ya wiki nzima, na kama kesho una kazi ya mteja usiiguse.