Wasomaji Wanauliza: Popa za Malapa na Rangi Isiyokaa

Barua za safari hii karibu zote zinauliza habari za popa, yaani kile chambo bandia cha povu kinachoelea na kulia chubwi! kila ukikivuta. Chanzo chake ni Marekani, walikovulia samaki wa bass kwa vipande vya koki vilivyofungwa manyoya. Siku hizi povu limechukua nafasi ya koki, na kwa mvuvi wa Mwanza povu zuri lipo mlangoni kwake: soli ya malapa yaliyokwisha.

Nimechonga popa kumi kwa soli ya malapa, nikazipaka rangi ya mafuta iliyobaki kwenye kazi ya milango, nikazianika juani. Kesho yake tano zina malengelenge, na zilizobaki zilipasuka rangi mara ya kwanza kutupwa. Nikajaribu rangi ya maji, ikabanduka kama gamba. Nakosea wapi? (Msomaji, Nyegezi)

Una magonjwa matatu, na kila moja lina sababu yake.

Kupasuka kunatokana na rangi yenyewe. Soli ya malapa inabonyea. Rangi ya mafuta ikikauka inakuwa ngumu kama ganda la yai. Popa ikigonga jiwe au ikibanwa na meno, povu linabonyea na kurudi, ganda haliwezi kufuata, linavunjika. Kwenye povu tumia rangi ya akriliki inayochanganywa na maji, ile ya wachoraji, inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya shule. Ikikauka bado inapinda.

Malengelenge ni kazi ya jua. Ndani ya soli kuna vyumba vidogo vya hewa vilivyofungwa, na ndivyo vinavyoielesha. Hewa hiyo ikipata joto hutanuka na kusukuma ile rangi ambayo haijashika vizuri. Jua la saa saba Mwanza halifai kabisa kwa kazi hii. Kausha kivulini, penye upepo.

Kubanduka kunaletwa na uchafu. Soli mpya ina utelezi wa kiwandani, iliyotumika ina mafuta ya miguu. Rangi ya maji haishiki juu ya vyote viwili.

Basi fuata hivi. Ukishachonga na kubandika ndoano (namna yake iko kwenye jibu la Nansio hapa chini), sugua kwa msasa namba 220, kisha namba 400, mpaka mng'ao wote uishe. Osha kwa sabuni ya vyombo, suuza, acha ikauke usiku kucha. Tangu hapo usiishike kwa vidole. Ishike kwenye ndoano kwa plaizi. Kisha ziba vitundu: gundi nyeupe ya mbao kipimo kimoja, maji kipimo kimoja, mikono miwili (yaani upake mara mbili), kila mkono ukae saa mbili. Hapa wengi wanaharibu, kwa sababu gundi nyeupe ya kawaida huyeyuka majini. Ukishavua saa moja popa inakuwa nyeupe kama maziwa na inanata. Nunua ile iliyoandikwa kwenye kopo kwamba inastahimili maji.

Baada ya hapo paka nyeupe mwili mzima, mikono miwili myembamba. Usiuruke mkono huu hata kama popa itakuwa nyeusi mgongoni, maana rangi ikipakwa moja kwa moja juu ya soli ya bluu au nyekundu hufifia. Mgongo upigepige kwa kipande cha sponji ya godoro badala ya brashi. Rangi inaingia tumboni polepole bila mstari. Magamba yanapatikana kwa kuizungushia popa wavu wa mfuko wa vitunguu, kuukaza, kugonga kwa sponji yenye rangi kidogo sana, kisha kuutoa wavu mara moja bila kuuburuta. Macho usiyachore kwa brashi. Chovya kichwa cha msumari wa inchi tatu kwenye rangi ya njano, gusa mara moja. Ikikauka, gusa katikati kwa msumari mdogo wenye rangi nyeusi. Macho yote yatatoka sawa.

Mwisho ni vanishi ya maji, mikono miwili, baada ya rangi kukaa saa 24. Rangi ya kucha isiyo na rangi nayo inafaa, lakini ina dawa inayolainisha akriliki. Pitisha brashi mara moja tu na usirudie, la sivyo jicho lote litavutika mpaka mkiani.

Je, lile povu jeupe linalofungiwa televisheni linafaa? (Msomaji, Mabatini)

Halifai. Gundi ya viatu na rangi ya kupuliza huliyeyusha mbele ya macho yako, na linamegeka punje punje zinazobaki ziwani. Tumia soli. Hata mabaki ya soli yakusanye usiyamwage ufukweni.

Popa yangu inalala ubavu, na baada ya samaki wawili povu linazunguka kwenye ndoano. Nyingine ikivutwa inazama pua. (Msomaji, Nansio)

Kwa ndoano ya saizi 1/0 yenye shina refu, mwili wenye unene wa milimita 12 na urefu wa milimita 22 unatosha. Kuzunguka kunatokea kwa sababu shina la chuma ni laini na gundi haina pa kushika. Marekani kuna ndoano za popa zenye shina lililopindwa katikati kwa ajili hiyo hiyo. Usipozipata, zungushia shina uzi wa pamba, kwenda na kurudi, kisha udondoshee supa gluu ukauke. Usitumie uzi wa nailoni hapa, unateleza. Chana mfereji tumboni kwa wembe mpya, kina cha milimita 3. Paka gundi ya viatu pande zote mbili, ngoja dakika kumi mpaka isishike kidole, ndipo ubane. Jicho la ndoano litokeze mbele ya uso kama milimita 3, vinginevyo huwezi kufunga mshipi.

Kulala ubavu maana yake mfereji umepinda, au povu limejaa zaidi chini ya shina. Povu liwe juu na chuma chini, kama jahazi na mkuku wake.

Kwa kuzama pua, tazama uso, yaani sehemu ya mbele ya povu. Mdomo wa chini ukitangulia, maji yanaukandamiza uso na popa inakwenda chini. Kata uso wima, au mdomo wa juu utangulie kidogo sana. Kisha uchimbe kidogo kama kijiko, kwani huo ushimo ndio unaotoa sauti. Pasha moto bolti yenye kichwa cha mviringo, ishike kwa plaizi, igusishe usoni kwa sekunde moja au mbili. Fanya kazi hii nje, moshi wa soli ni mbaya kifuani.

Mambo yote haya yajaribu kwenye beseni la maji kabla ya kupaka rangi hata tone. Popa inayolala ubavu haiponi kwa rangi.

Sangara wanaipiga kwa nguvu, nasikia kishindo, lakini hawanasi. (Msomaji, Igombe)

Pima uwazi kati ya ncha ya ndoano na tumbo la popa. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote na halionekani kwa macho ya haraka. Povu likishuka chini ya shina kupita theluthi moja ya nafasi kati ya shina na ncha, sangara anauma povu na ncha haimgusi. Kata tumbo, au tumia ndoano kubwa zaidi kwa mwili uleule.

Tazama pia mkia. Manyoya ya shingo ya jogoo au nywele za mbuzi zisizidi mara moja na nusu ya urefu wa mwili; ukizidisha, samaki anashika mkia tu, au mkia wenyewe unajizungusha kwenye ndoano. Ncha inolewe mpaka ikwame kwenye ukucha bila kuteleza. Na kishindo kisikushtue ukavuta, subiri uzito kwenye mshipi.

Sina ule mshipi mzito wa kurushia chambo cha manyoya. Nina fimbo na rili ya kawaida, popa haifiki hata mita tano. (Msomaji, Kirumba)

Popa ya soli haina uzito, na chubwi ya risasi itaizamisha. Tafuta chupa ya plastiki ya dawa ya maji, ya mililita 60, itie maji nusu, funga kifuniko kwa nguvu. Inaelea na bado ina karibu gramu 30 za kurushia. Usiifanye kiungo cha mshipi. Piga kitanzi kidogo kwenye mshipi mkuu, ninginiza chupa hapo kwa kamba fupi shingoni, na popa ifuate mita moja nyuma, kwa nailoni ya milimita 0.50 au 0.60. Hivyo samaki anavuta mshipi, chupa haibebi mzigo. Vuta kwa kishindo kimoja, nyamaza mpaka viwimbi viishe, vuta tena. Alfajiri, kabla upepo wa ziwa haujaamka, ndiyo saa yake. Mawimbi yakianza sauti inapotea.

Rangi ipi inavua zaidi? (Msomaji, Sengerema)

Samaki anaitazama popa kutoka chini, nyuma yake kuna mwanga wa anga, na maji ya Ghuba ya Mwanza yana ukijani mwingi. Anachoona zaidi ni kivuli. Mchana tumbo jeupe au la fedha linafanana na dagaa. Magharibi tumbo jeusi linaonekana vizuri zaidi. Mgongo upake chungwa au njano ili uione wewe mwenyewe. Muda wa rangi za tatu na nne utumie kunoa ndoano.

Naruhusiwa kuvua popote kwa popa? (Msomaji, Luchelele)

Hapana. Uvuvi unahitaji leseni chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Anza kwa ofisi ya uvuvi au BMU (kikundi cha kusimamia uvuvi) ya mwalo wako. Saanane na Rubondo ni hifadhi za taifa, usitupe mshipi huko bila kibali cha TANAPA. Sangara aliye chini ya sentimita 50 mrudishe, na kwa kuwa popa huwavuta wadogo wengi, bonyeza kishikio cha ndoano, ule mwiba mdogo karibu na ncha, kwa plaizi ili atoke bila kuchanika. Vulia juu ya mawe au mtumbwini. Usisimame majini, kichocho kipo.

Popa zangu zimegandana ndani ya kopo. (Msomaji, Magu)

Vanishi haikukauka, au kopo lilikaa juani. Zichomeke ndoano kwenye ukanda wa soli, zisigusane, na usizichanganye na vyambo laini vya plastiki. Mafuta yake hulainisha rangi.