Shangazi, mume wangu ameuchoma mji wangu

Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tuna miaka miwili kwenye ndoa. Tangu mwaka jana tumekuwa tukitunga pamoja dunia ya kubuni ya enzi za kale, yenye wafalme, wachawi na majoka, kwa ajili ya mchezo wa mezani. Marafiki wanne huja kwetu Jumamosi. Kila mmoja anaigiza mhusika wake, mume wangu ndiye msimulizi, na dadu huamua nani afaulu na nani ashindwe. Mimi pia hucheza. Yeye alitunga nchi ya milimani yenye ngome na askari wapanda farasi. Mimi nikatunga mji wa bandari: bibi anayeutawala, kadhi wake, forodha, hadi bei ya ambari sokoni. Jumamosi iliyopita, bila hata kuninong'oneza, alileta joka likauteketeza mji wote. Sijui hata kama bibi yangu yu hai. Nilipolalamika akasema, "Si mimi, ni dadu," wageni wakacheka. Nikaenda jikoni nikijifanya natazama chai. Tangu siku hiyo tunasalimiana tu, na ananiambia nimenuna kwa sababu ya kitu kisichokuwepo. Pia anadai kuwa nikimsahihisha mezani namharibia. Je, ni mimi ninayekosea? Niache kucheza?
Malkia Asiye na Mji, Nairobi

Marahaba, mwanangu. Kuumia hujakosea. Mji haupo, sawa, lakini usiku uliokesha na daftari ulikuwepo, na mumeo alikuwa kitanda hicho hicho akikuambia uzime taa. Mtu akifuta kazi ya mwenzake mbele ya wageni, kisha akacheka nao, amemvunjia heshima, iwe kazi hiyo ni hesabu za duka au ni bei ya ambari.

Tuanze na hiyo dadu, maana ndipo anapojifichia. Dadu ya pande 20 hujibu inachoulizwa: mshale umempata adui? Mlinzi amedanganyika? Haiwezi kuamka asubuhi ikaamua kwamba leo kuna joka. Msimulizi ndiye aliyekaa akalitunga joka, akalipa njaa na hasira, na katika dunia nzima, yenye ngome zake mwenyewe milimani, akalielekeza bandarini kwako. Mwulize hivyo hivyo, bila kupandisha sauti: "Kwa nini kwangu?" Huenda aliona wachezaji wanaupenda mji wako kuliko kitu kingine chochote, akataka roho ziwaruke. Wasimulizi wana tabia hiyo, hutishia kile kinachopendwa. Kama ni hivyo alikusifu, ila kwa namna ya kijinga. Huenda pia ni wivu. Sikiliza jibu kabla hujalihukumu.

Sasa tugeukie upande wako. Jambo zito zaidi katika barua yako umelibana karibu na mwisho, kwa sentensi moja: unamsahihisha mezani. Wewe unajua siri zote za mji, nani anamsaliti bibi, mlango upi una mtego, halafu unaketi upande wa wachezaji wasiojua lolote. Yeye anasema mlinzi wa lango ni mzee mwenye ndevu, wewe unadakia kwamba ni kijana na jina lake si hilo. Wageni wamsikilize nani? Msimulizi anayekatizwa hivyo kila wiki hana pa kusimama, na naona mumeo alipata njia ya kumaliza ubishi juu ya mji ule: akauondoa. Simtetei hata kidogo. Angeweza kusema "mke wangu, unanikatiza" kwa gharama ndogo kuliko joka.

Wenye mchezo wenyewe nao walikosana. Dungeons & Dragons, ulioanzisha michezo ya aina hii, ulitoka Marekani mwaka 1974, ukiwa na majina ya Gary Gygax na Dave Arneson. Mwaka 1979 Arneson alikwenda mahakamani kudai sifa na malipo yake, na walipatana nje ya mahakama 1981. Lakini wapo pia Tracy na Laura Hickman, mtu na mkewe, waliotunga pamoja kisa cha ngome ya mnyonya damu kilichochapishwa mwaka 1983, baada ya kukicheza na marafiki zao. Dunia yao nyingine, ile iliyojaa majoka, walianza kuizungumza garini, katika safari ndefu ya kutoka Utah kwenda Wisconsin ambako Tracy alikuwa amepata kazi. Hilo la gari ndilo ninalotaka ulione. Walikuwa wawili, barabara ndefu, hakuna mgeni wa kuchekeshwa. Nyinyi mnabishania utunzi mbele ya watu wanne waliokuja kucheza.

Kwa hiyo gawaneni dunia, na hili mlifanye siku ya kazi jioni, chakula kikiwa kimeshaliwa. Milima ni yake, pwani ni yako. Wahusika wakishuka pwani, wewe ndiwe msimulizi, naye achukue mhusika akae na wenzake. Daftari lako la pwani asilisome, atashangaa pamoja na wageni. Wakipanda milimani, wewe ni mchezaji na mdomo wako ni wa mchezaji, hata akimwita mfalme wake jina lisilokupendeza. Alichojenga mmoja katika nchi yake, mwingine asikiue, asikichome wala asikioze mume bila kuomba kwanza, na kuomba ni kabla ya Jumamosi. Njia ya misafara ya kutoka milimani hadi bandarini iacheni tupu, muitunge wote wawili. Mtu akikuambia mafahali wawili hawakai zizi moja, mjibu kwamba mna mazizi mawili na njia katikati.

Akikataa hata hilo, niandikie tena, na barua ya pili isitaje joka. Itakuwa inahusu mume asiyetaka kuombwa wala kuomba, na hilo lina safu yake.

Kuhusu mji: usimwombe aurudishe kama vile Jumamosi ile haikuwepo. Wageni waliuona ukiungua. Jiulize badala yake ulikuwa umejengwa kwa vitu gani. Kama ni bandari ya mfano wa Kilwa Kisiwani, iliyotajirika kwa dhahabu ya Sofala na kupiga sarafu zake yenyewe, basi msikiti na majumba ya wakubwa ni mawe ya matumbawe na chokaa. Moto utakula makuti, boriti za mikoko, milango na mali iliyo ghalani. Kuta zitabaki, nyeusi. Tena matumbawe yakichomwa sana hugeuka chokaa, na mafundi wa pwani waliyachoma juu ya rundo la kuni ili wapate ya kujengea. Joka la mumeo limewachomea tanuri bure.

Halafu upepo. Ikiwa kaskazi ilikuwa bado inavuma, bandari ilikuwa imejaa majahazi yanayosubiri kusi ili yarudi Uarabuni na Bara Hindi, na watu wengi mno walikuwa na mahali pa kukimbilia. Nani alipanda na watoto, nani alirudi usiku kuchimbua fedha za forodha kwenye majivu, kadhi anashika mji kwa niaba ya nani? Mumeo hakutamka kwamba bibi amekufa. Kwa hiyo lililompata ni la kuamua wewe, na hapo una Jumamosi kadhaa za kusimulia kabla wachezaji hawajampata.

Kucheza usiache. Jumamosi hii tu ahirisheni, mzungumze. Wageni watakaporudi, waje na mahamri yao, na chai ipikwe na yule ambaye mhusika wake ameuawa karibuni. Kwa joka kama hilo, mpishi hatakosekana.