Kabla ya kufunga mashine kwenye mashua ya zamani

Vijana wengi hapa Mikindani wakipata mashua kuukuu kwa bei nafuu, pesa inayobaki huikimbiza kwenye mashine ya kufunga nyuma ya chombo. Nawaomba ndugu zangu mgeuze mpango: mashine iwe ya mwisho kununuliwa.

Anza na chombo chenyewe. Subiri bamvu, yaani maji makubwa ya mwezi, kipandishe juu, kiache kikauke. Chukua kisu chembamba uchome mbao zinazokaa chini ya maji, hasa zile zinazokutana na mkuku, yaani uti wa chini wa chombo. Kisu kikizama bila nguvu, mbao hiyo imeoza au imeliwa na wadudu wa baharini. Tundu lao kwa nje ni dogo mno, lakini ndani wameshachimba mfereji mrefu. Rangi haitibu hilo. Toa mbao, weka nyingine. Na kalafati, yaani pamba ya kuziba nyufa za mbao, isigongwe kupita kiasi chombo kikiwa kikavu, maana mbao zikirudi majini huvimba, zikasukumana na kulegeza misumari.

Sasa shetri, yaani nyuma ya chombo, na hapa ndipo nataka mnisikilize sana. Mashua ya tanga nguvu yake huingia kwenye mlingoti, ikashuka hadi kwenye mkuku. Mashine husukuma kutoka nyuma, na kila wimbi linapoinua chombo, uzito wa kilo 40 hivi unatikisa ubao mmoja tu. Ndiyo sababu chombo kilichostahimili upepo wa kusi miaka mingi huanza kuvuja nyuma baada ya kufungwa mashine. Fundi akitaka kupigilia ubao mpya juu ya ule mbovu, kataa. Wa zamani utoke wote, mpya uwe mnene, wa mbao ngumu kama mkongo, na ushikizwe kwenye mkuku na ubavuni kwa vipande vya mti uliopinda wenyewe. Tumia bolti, si misumari.

Ukubwa wa mashine usikusumbue. Mashua nzito ya mita 7 ikifika kilomita 12 hivi kwa saa, imefika mwisho wake. Ukizidisha nguvu, shetri inadidimia, omo, yaani mbele, inainuka, petroli inaisha. Nguvu za farasi 15 zinatosha.

Pima kimo cha ubao wa nyuma kabla ya kwenda dukani, kwani mguu wa mashine huwa wa inchi 15 au 20. Bamba lililo juu ya propela likae sawa na tumbo la chombo au chini yake kidogo. Likiwa juu, propela inavuta hewa na mashine inalia bure.

Mashine nyingi za kuchanganya mafuta hutaka mililita 400 za oili kwa lita 20 za petroli, ila fuata kitabu chake. Ukirudi, isafishe kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Tanga msiuze, mashine ikizima nje ya ghuba, ndilo litakalokurudisha.

Jaribio la kwanza lifanyike ndani ya ghuba. Baada ya wiki moja ya kazi, kaza upya bolti zote za shetri.