Baiskeli umeifungia stoo, na mtoto je?

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 41, ndoa yangu ina miaka 17 na tumejaliwa watoto wawili. Wa kwanza ni mvulana wa miaka 15 ambaye akili yake yote iko kwenye baiskeli ya BMX: kuruka vilima vya udongo, kujizungusha hewani na vichaa vingine. Aliyempoteza ni baba yake. Ndiye aliyemnunulia, ndiye anayempeleka uwanjani kila Jumamosi, na akifika huko anamrekodi kwa simu huku anashangilia. Mwezi wa tatu mtoto alianguka akavunjika mtulinga. Baba yake akamwambia, "Lakini kilima umekiruka," akacheka! Mimi nyumbani nalia usiku kucha, wao huko hospitali wanacheka. Mfupa ulipounga, niliifungia baiskeli na vifaa vyake vyote stoo, ufunguo natembea nao. Sasa ni wiki ya sita mume wangu amenuna, tunaandikiana ujumbe wa simu ndani ya nyumba moja. Mtoto naye hanisemeshi, na nasikia anaruka kwa baiskeli ya rafiki yake. Dada zangu wote wako upande wangu. Niambie nimfanyeje huyu mwanaume aelewe kwamba anamuua mwanangu. Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.*

*Mama Asiyelala*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa usingizi unaoukosa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mtoto akivunjika mfupa, mama huusikia kwenye mifupa yake. Pole yangu inaishia hapo, maana barua yako nimeisoma mara tatu na kila nikirudia naona mambo ambayo hukukusudia niyaone.

Hapo juu nimeifupisha. Ile ndefu uliyonitumia nimeihesabu: mumeo umemtaja mara 23. Kijana mwenye mfupa uliovunjika umemtaja kwa jina mara moja. Mtoto wa pili hana hata jina, yumo ndani ya neno "wawili" tu. Mtu anayelilia mtoto haandiki hivyo. Hivyo huandika mtu mwenye kesi na mumewe, na baiskeli ameileta kama kielelezo.

Halafu hilo la hospitali umelipitisha haraka kweli. "Mimi nyumbani nalia, wao huko hospitali wanacheka." Yaani usiku ule, aliyelala kwenye kiti kando ya kitanda cha mtoto alikuwa nani? Si huyo huyo muuaji unayemshtaki? Na kicheko chake mimi sikisikii unavyokisikia wewe. Mtoto akianguka, kitu cha kwanza anachokiangalia si jeraha. Ni uso wa mzazi wake. Ukiwa umepauka, naye anaingiwa na hofu. Baba akasema "Lakini kilima umekiruka" na kijana akapata kicheko kidogo juu ya maumivu. Hilo ni dawa ya kutuliza ambayo haiuzwi popote. Mumeo alipokuwa peke yake kwenye korido sijui aliufanyaje uso wake, na wewe hujui, kwa sababu hujamuuliza.

Sasa tufike kwenye ufunguo, maana hapo ndipo umenikera.

Unasema umefungia baiskeli "na vifaa vyake vyote". Nilisimama hapo, nikarudi nyuma, nikasoma tena. Vifaa ni nini? Ni helmeti. Ni kinga za magoti na viwiko. Ni glavu. Mistari miwili mbele unaniambia mtoto anaruka kwa baiskeli ya rafiki yake. Basi hebu tuyaweke pamoja. Kuruka hajaacha. Alichoachishwa ni helmeti. Hatari umeiacha nje, kinga umeifungia ndani, na ufunguo uko kwenye mkoba wako. Halafu unaniuliza nani anamuua mtoto!

Na baiskeli ya kuazima, mwanangu, si mchezo. Haikupimwa kwa kimo chake, breki zake hazijui, na mara nyingi ile mipira ya kwenye ncha za usukani imeliwa, bomba la chuma limebaki wazi. Watu hulidharau bomba hilo. Waulize madaktari wa watoto: mtoto anaanguka hata kwa mwendo mdogo tu, usukani unageuka, ncha inamgonga tumboni. Kwa nje unaona alama ya duara kama imepigwa muhuri. Ndani huenda ini limepasuka, au wengu, au kongosho limeumia, na maumivu yenyewe yakachelewa kuja.

Ubaya zaidi ni kwamba mtoto anayeruka kwa siri huanguka kwa siri. Mwanao akijigonga kichwa leo, atakuja kukuambia? Akikuambia ana kizunguzungu, si amejikamatisha mwenyewe? Atapitia mlango wa nyuma, atasema amechoka, atalala. Wahenga unaowapenda walisema pia kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe ndiwe uliyemfundisha kuficha.

Na ile methali ya guu uliyofungia barua nayo, umeisoma nusu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, sawa. Lakini mwanao ana wakuu wawili chini ya paa moja, mmoja anasema ruka, mwingine anasema acha. Amsikie yupi?

Usije ukadhani nakuona mwoga wa bure. Hofu yako ina haki yake. Connor Fields wa Marekani alichukua dhahabu ya mbio za BMX kwenye Olimpiki ya Rio 2016. Mwaka 2021, kwenye Michezo ya Tokyo, alianguka kwenye nusu fainali, damu ikavuja kwenye ubongo, pafu likasinyaa, ubavu ukavunjika. Huyo ni mtu mzima, bingwa, ana helmeti, madaktari wako pembeni ya njia, na bado alitolewa kwa machela. Alipona, lakini atakayekuambia kwamba mchezo huu hauumizi anakudanganya.

Ila Michezo ile ile ilikuwa na binti wa Uingereza, Charlotte Worthington, wa mitindo huru. Raundi ya kwanza alijaribu samasoti ya kinyumenyume huku baiskeli ikizunguka mzunguko mzima, akaanguka mbele ya dunia. Raundi ya pili akairudia ile ile, akatua, akabeba dhahabu. Sikwambii hivyo ili uote medali, maana wanaofika huko wanahesabika. Nakuambia kwa sababu mambo kama yale hayafanywi kwa mara ya kwanza kwenye ardhi ngumu. Hujifunzwa kwenye shimo lililojazwa vipande vya sponji, kisha kwenye kilima kilichotandikwa godoro, mtu anaanguka mara mia mpaka mwili uzoee. Mwanao anajifunzia wapi? Nani anamfundisha? Hujui. Mumeo anajua. Ndiyo maana kwenye jambo hili mimi niko upande wake.

Niliwahi kusimama pembeni ya uwanja wa namna hiyo, nimemsindikiza mjukuu. Nilikwenda nikiwa na maneno yangu mdomoni, kama yako. Nikaona vijana wanakipanda kilima kwa miguu kwanza, wanahesabu hatua kutoka ukingo hadi ukingo, mmoja anachuchumaa anabonyeza udongo kwa kiganja aone kama ni laini mno. Kijana huyo huyo kitanda chake hatandiki! Kinachotisha pale ni kimya. Matairi yanakuja yanakwaruza udongo, yanaachia ukingo, sauti inakatika, unasikia tiki-tiki ya gurudumu la nyuma tu mpaka atue. Pembeni yangu palikuwa na mama mmoja aliyewapa mgongo. Kila mwanawe akianza kushuka, anafumba macho na kuniuliza, "Ametua?" Namwambia ametua. Anashusha pumzi, anasubiri zamu nyingine. Wakaniambia huja kila wiki, na hajawahi kuona hata mruko mmoja.

Wewe umewahi kwenda hata mara moja? Barua nzima hakuna.

Mumeo naye simsafishi, asije akaibandika barua hii ukutani. Kumnunulia mtoto chombo cha kurukia bila kukaa na mama yake ni kosa, na ndipo mlipoanzia kuharibikiwa. Na hiyo simu aiweke mfukoni. Kijana wa miaka 15 sehemu ya ubongo inayopima hatari bado inajengwa, itakomaa akiwa na miaka ishirini na kitu, na akijua anatazamwa na wenzake ndiyo kabisa anaongeza mbwembwe. Kamera ya baba ni watazamaji wote wa mtandaoni waliojipanga nyuma yake. Arekodi alichokwisha kukizoea, kipya hapana. Na ajiulize kimyakimya kama anayeruka kile kilima ni mwanawe au ni yeye wa miaka 15 aliyezuiwa na mama yake.

Maana nyinyi wanandoa wa siku hizi mmegawana vyeo kama kampuni. Mmoja ni polisi, mwingine ni rafiki. Watoto si wajinga, wanajua dirisha lipi linatoa ruhusa na lipi linatoa risiti. Mama akikataa anakwenda kwa baba, baba akikubali mama ananuna, mama akinuna baba anaona ameshinda. Fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, na nyasi yenu tayari imevunjika mtulinga. Zamani watu waligombana kwa mdomo, chumbani, usiku, asubuhi wakaamka wana kauli moja hata kama bado wamekasirikiana. Leo mtu amelala upande huu wa ukuta anamwandikia wa upande ule "mwambie mwanao ale". Alama mbili za buluu, kimya. Mnaita hiyo ni mawasiliano! Halafu suala la ndani linapelekwa kwa dada, kwa shoga, kwa kundi la simu, na hatimaye kwangu. Mumewe ndiye wa mwisho kusikia. Ingawa nisilalamike sana, riziki yangu iko humo.

Hao dada zako wanaokuunga mkono, wameolewa na huyo bwana? Kikao cha ndoa kina wajumbe wawili. Waambie wamekusaidia vya kutosha, wapumzike.

Kumwachisha kijana huyo baiskeli kwa kufuli hutaweza. Mchezo wenyewe ulianzishwa na watoto, huko California mwishoni mwa miaka ya 1960, waliokuwa wakiiga waendesha pikipiki za mashindano kwa vibaiskeli vyao kwenye viwanja vya udongo. Hakuna aliyewatuma. Mwaka 2008 mbio hizo zikaingia Olimpiki, Beijing. Akina mama wamekuwa wakificha baiskeli muda wote huo, na vijana wamekuwa wakizipata.

Kaa na mumeo kabla ya kijana kuitwa. Gombaneni kwanza, mmalize. Mkitoka mtoke na neno moja, na liwe gumu. Helmeti iwe ile inayofunika mpaka kidevu, ikae vidole viwili tu juu ya nyusi, mkanda ufungwe kila mara. Ikipata kipigo kikubwa itupwe hata kama kwa nje inang'aa, maana ile povu ngumu ya ndani ikishabonyea haina kazi tena. Ncha za usukani ziwe zimezibwa. Mtindo mpya asijaribu akiwa peke yake, wala asianzie kwenye ardhi ngumu. Na kichwa kikigongwa, siku hiyo imekwisha, hata aseme yuko sawa. Kutikisika kwa ubongo si lazima mtu azimie. Kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa, kusinzia ovyo, kurudia swali alilokwisha kujibiwa, hayo ni ya kukimbilia kwa daktari, na daktari ndiye atakayesema lini anapanda tena. Akikamatwa bila helmeti, baiskeli ifungwe, na safari hii mwenye kuifunga awe baba yake.

Na mwambieni wazi kwamba akianguka na akasema, hataadhibiwa kwa kusema. Hilo lirudieni mara mbili, maana kwa wiki sita umemfundisha kinyume chake.

Jumamosi nenda nao. Ukishindwa kutazama, geuza mgongo kama yule mama. Mumeo atakuwa pembeni yako, muulize, "Ametua?" Litakuwa neno la kwanza mnasemeshana kwa mdomo tangu mwezi na nusu uliopita. Lakini usisubiri Jumamosi, kwa sababu leo jioni mtoto anaweza kuwa juu ya ile ya kuazima. Fungua stoo sasa hivi, toa helmeti. Ufunguo mpe mumeo mkononi. Usimwachie mezani na ujumbe.

Shangazi