Shangazi anajibu: Mtoto aitwe Nsimire?

*"Shangazi, nina miaka 26, niko Bagira hapa Bukavu. Kwa kabila mimi ni Mulega, bwana yangu ni Mushi wa Walungu. Tumepata mtoto wetu wa kwanza, msichana, ana wiki tatu. Nimemchagulia jina Gracia Kayla. Bwana anataka aitwe Nsimire, jina la mama yake. Ni jina la kizamani, la kijijini, halina maana yoyote, na wenzake watamcheka shuleni. Mama mkwe yuko kwetu tangu nijifungue, anamwogesha mtoto asubuhi na jioni, hasemi kitu, lakini najua ndiye anayemsukuma mwanawe. Tangu niliporusha jina kwenye WhatsApp bwana hali nyumbani, anakula kwa dada yake Panzi. Nimeshampa fundi wa Nyawera shali atarizi jina. Je, majina haya ya zamani yanastahili kurudi kweli? Mama Kayla."*

Hongera kwa mtoto, na pole kwa uchungu. Pole yangu imeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia chini, kwenye sahihi. Mtoto hajaandikishwa, baba yake hajakubali, nawe umeshajivika Mama Kayla. Kwetu mwanamke huliaga jina lake siku anapozaa mtoto wa kwanza. Muuza samaki wadogo wa sambaza huko Kadutu, mchungaji, jirani wa ukuta, wote watakuita kwa jina la huyo mtoto mpaka uzeeke. Basi usinisingizie watoto wa shule, binti yangu. Anayeogopa kuchekwa ni wewe. Hutaki kupita sokoni uitwe Mama Nsimire.

Halafu hiyo WhatsApp. Umeipitisha katikati ya sentensi kama mtu anayevuka mpaka wa mto Ruzizi na kitu chini ya kikwembe. Mimi nimekiona. Bwana yako alilijua jina la mwanawe siku moja na wasichana mliosoma nao na watu ambao hata hukumbuki namba zao ulizipata wapi. Angekula bugali yako kwa mdomo upi? Ndoa za siku hizi ndivyo zilivyo: mke na mume wanalala kitanda kimoja, habari za nyumbani wanazisoma kwenye simu. Zamani jina lilizungumzwa kwa sauti ya chini jikoni siku nyingi kabla halijatoka nje. Siku hizi linatoka nje kwanza, jikoni linafika likiwa limepoa.

Tuje kwa mama mkwe. Hasemi kitu, lakini wewe "unajua". Umejuaje? Ninachokiona kwenye barua ni mwanamke mzee amekaa chini, miguu ameinyoosha, mjukuu amelazwa juu ya miguu hiyo, maji ya vuguvugu anayapima kwa kiwiko kabla hajamwaga hata tone. Mara mbili kwa siku, wiki tatu: hizo ni karibu mara 40. Kumbe wewe ulikuwa umelala. Na malipo yake ni kusikia jina lake halina maana yoyote.

Maana unayo, ila hukuuliza. Kwa Mashi, lugha ya akina bwana yako, *kusima* ni kupendezwa, kushukuru. Nsimire ni mtu anayesema: nimeshukuru. Na hiyo Gracia unayoililia imetoka Kilatini, neema na shukrani humo humo. Tuna wasichana wangapi mjini hapa wanaoitwa Aksanti? Umegombana na bwana wiki nzima kwa neno lile lile, tofauti ni kwamba moja limepanda ndege. Ya Kayla sisemi.

Umeniuliza kama majina ya zamani yarudi. Inategemea zamani ipi. Mimi nilibatizwa Léocadie, kwa sababu padri alifungua kalenda ya watakatifu na siku yangu iliangukia huko. Mwaka 1972 Mobutu, akiwa ameshajiita Sese Seko, akakataza majina ya Kikristo; Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga hadi akalazimika kwenda Roma. Darasani kwetu mwalimu alipita na kalamu nyekundu kwenye orodha, Léocadie akafa, nikawa Nabintu. Mwaka 1990 utawala wa chama kimoja ulipokwisha, Léocadie akafufuka kwenye karatasi zangu. Muda wote huo koko wangu, yaani bibi yangu, aliniita Nabintu tangu nikiwa mgongoni mwake, hakungoja ruhusa ya rais wala ya padri. Léocadie na Polycarpe ningewaacha wapumzike. Nabintu, Nsimire, Mugisho, na kwa Wanande akina Kambale, ambaye ukisikia jina tu umejua ni mtoto wa kiume wa pili, hao warudi hata leo.

Ila Mateso, Machozi, Masumbuko, hapana. Hayo yalikuwa malalamiko ya mama, akambebesha mtoto. Mwavita namwelewa, kwa mji huu ulioona vita vya 1996 na 1998, lakini nisingempa mjukuu wangu.

Wasiwasi wako mmoja wa kweli hukuuandika, nitauandika mimi: utamkaripiaje mtoto mwenye jina la mama mkwe? "Nsimire, acha ujinga!" na mwenye jina yuko chumba cha pili. Hilo linatatulika. Watoto wa namna hiyo tunawaita Koko au Mamu hata kabla hawajaota meno, jina kamili linabaki la shule na la sherehe.

Karatasi zetu zina nafasi tatu: nom (jina la kwanza kuandikwa), postnom (linalofuata), prénom (la ubatizo au la kisasa). Sheria ya familia ya Kongo ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka majina yachotwe katika urithi wetu, yasimdhalilishe mtu, na inakupa siku 90 za kuandikisha. Umetumia 21. Nsimire akae mbele, nafasi ya pili mwachie bwana, Gracia iwe prénom. Ukipenda boga, penda na ua lake. Hapa ua ndilo limelea boga, ndilo linakuogeshea mtoto.

Kesho asubuhi amka kabla ya mama mkwe, chemsha maji wewe, kaa karibu yake akiwa anaogesha, umuulize nani alimpa jina hilo na kwa nini. Usirekodi. Kisha mpigie dada wa Panzi, mwambie leo asipike sahani ya kaka yake.

Na upitie Nyawera. Kayla ni herufi tano, zinafumuliwa haraka. Mwambie fundi aanzie pembeni kabisa mwa shali, maana Nsimire ina saba.