Seramiki kwenye rangi ya gari: inalipa?
Ndugu, kwa gari linalolala nje hapo Kirumba, Mwanza, inalipa, ila ujue unanunua nini. Seramiki ni dawa ya maji inayopakwa na kukauka kuwa tabaka jembamba sana juu ya klia, yaani lile tabaka angavu linalofunika rangi ya gari. Maji yanateleza, na vile vijidudu vya ziwani vilivyogandia kwenye boneti vinatoka kwa maji na shampuu bila kusugua sana. Faida kubwa ndiyo hiyo, maana kusugua na kitambaa chenye mchanga ndiko kunakochuna rangi. Kinyesi cha ndege bado uwahi kukiosha. Kokoto za barabarani haizuii hata kidogo! Mikwaruzo ya zamani ipigwe polishi kwanza, la sivyo utaifungia humo humo chini. Kama mfuko haujakaa vizuri, waksi kila baada ya miezi michache inatosha kabisa.