Barua kwa Mwanangu: Celeron ya 2019 au Core i5 ya 2015?

Mwanangu Zaituni,

Marahaba. Sisi huku Mwanga hatujambo, baba yako anakusalimu, na duka langu la kuchapa linaendelea. Msimu huu wa maombi ya ajira watu wanapanga foleni mpaka barazani, ndiyo maana sikukujibu siku ileile.

Umeniambia duka la kompyuta za mtumba hapo Tabora limekuwekea laptopu mbili, bei zake hazipishani sana. Moja nyembamba, nyepesi, ina prosesa (ndiyo ubongo wa mashine) ya Celeron N4020, RAM (kumbukumbu ya kazi zilizo wazi) GB 4 na hifadhi ya mafaili ya GB 64. Nyingine ni ThinkPad T450, nyeusi, nene, ina Core i5-5300U, RAM GB 8 na SSD, yaani hifadhi ya kasi, ya GB 256. Moyo wako uko kwa ile nyembamba, tena una hoja tatu: imetoka 2019 na mwenzake 2015, imeandikwa gigahezi 2.8 na mwenzake 2.9, kwa hiyo unaona ni walewale. Halafu ina Windows 11. Hoja ya tatu ina uzito, nitaifikia. Hizo mbili za mwanzo ziondoe kichwani.

Mwaka wa prosesa unakwambia ilitoka lini kiwandani. Haukwambii ilitengenezwa kwa kazi gani. N4020 ni ya ukoo wa Atom, prosesa ambazo Intel walizibuni kwa vifaa vya bei nafuu vinavyokula umeme kidogo. Imepangiwa wati 6. Ile i5 ni ya kizazi cha tano, wanachokiita Broadwell, imepangiwa wati 15, na ilikusudiwa laptopu za maofisini ambazo zikiwa mpya sisi tungeziangalia kwenye kioo cha duka tu. Kwa hiyo unalinganisha kitu cha chini cha 2019 na kitu cha kati cha 2015, na miaka minne haikutosha kuziba pengo hilo.

Gigahezi nazo ni idadi ya mapigo. Mitumbwi miwili ikitoka Kibirizi makasia yakipigwa kwa kasi moja, mwenye kasia pana ndiye atakayetangulia. Kiini cha i5 kinamaliza kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Zote mbili zina viini viwili, lakini kila kiini cha i5 kinashika kazi mbili kwa wakati mmoja, ndiyo maana ukiifungua Windows inakuhesabia nne. Na hiyo 2.8 uliyoonyeshwa ni kasi ya kukurupuka, ya muda mfupi tu. Kasi ya msingi ya N4020 ni 1.1, ya i5 ni 2.3. Laptopu nyembamba nyingi za N4020 hazina feni. Kazi ikirefuka mwili unapata joto na prosesa inajipunguza yenyewe. Kwa Tabora ya Oktoba, hilo utaliona mchana kweupe.

Sasa nikuulize, utaifanyia nini? Uliniambia unataka kuchapa mitihani ya walimu wenzako upate hela ya ziada, kujaza alama za madarasa yote kwenye Excel, na kufungua mitihani ya nyuma ya PDF huku WhatsApp na Chrome viko wazi. Hiyo ni kazi ya duka langu, naijua. Kinachowatesa wateja wangu wanaokuja na hizi laptopu ndogo mara nyingi hata si prosesa. Ni zile GB 4 za RAM, ambazo kwenye mashine nyingi za aina hiyo zimechomelewa kwenye madabodi, ile bodi kuu ya ndani, huongezi kitu. Na zile GB 64 ni eMMC, hifadhi iliyo karibu na ya simu kuliko SSD, nayo imechomelewa. Windows 11 yenyewe inataka angalau GB 64 ndipo ikubali kuingia, kwa hiyo umenunua nyumba iliyojaa vitu vya mwenye nyumba. Sasisho kubwa likija linaanza kukuomba ufute picha.

T450 ina nafasi mbili za RAM, inafika GB 16. SSD yake ni ya inchi 2.5, fundi yeyote anaibadilisha kwa bisibisi. Ukiniuliza kipi hasa kinanivuta, ni hicho, kuliko prosesa.

Ile ndogo nayo nisiionee. Ni kimya, ni nyepesi kwenye begi, na betri yake ikiwa nzima inakaa muda mrefu kwa kuwa wati 6 ni kidogo. Kitu kingine ambacho wauzaji hawakisemi: kwa video za YouTube N4020 ina kifaa ndani yake cha kufungua VP9, mfumo ambao YouTube wanautumia sana, wakati i5 ya kizazi cha tano haina kifaa kamili cha kazi hiyo, inabidi ihangaike zaidi, feni inavuma na betri inashuka. Mdogo wako angetaka ya kuangalia video na kuandika notsi, ningemwambia achukue hiyohiyo. Na kama ingekuwa na RAM GB 8 na SSD ya kweli, hata wewe ningesita kidogo.

Haya, Windows. N4020 imo kwenye orodha ya prosesa ambazo Microsoft wanazikubali kwa Windows 11. Upande wa Intel Core, orodha hiyo kwa kawaida inaanzia kizazi cha nane, kwa hiyo i5-5300U imeachwa nje. Windows 10 nayo iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft walitoa mpango wa kujiandikisha upate masasisho ya usalama mpaka Oktoba 2026. Ukikuta T450 inawaka na Windows 11, ujue fundi ameilazimisha. Itafanya kazi, lakini Microsoft hawakuahidi kuipelekea masasisho, nawe utajaza humo taarifa za benki na za mshahara.

Mimi ningeiwekea Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa mahali pa Windows, na LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word na Excel. Mashine moja hapa dukani inatumia hiyo, inafungua faili za Word na Excel, na wateja wanachapa bila kuuliza. Mpangilio wa mtihani wenye majedwali na michoro huwa unasogea kidogo, kwa hiyo kabla ya kuprinti geuza kuwa PDF uangalie. Printa ya shuleni kwenu pia ijaribu mapema, si zote zinapatana na Linux. Kama unaona usumbufu huo huuwezi, sema, tutafute ya kizazi cha nane hata kama utasubiri mshahara wa mwezi ujao. Lakini usiende kwenye Celeron kwa kuikimbia Linux.

Basi mimi nasema T450, ila hiyo uliyoonyeshwa, si yoyote, na ukaikague hivi. Iwashe mwenyewe, ubonyeze F1 mwanzoni kabisa. Ikiomba nywila ya BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayowaka kabla ya Windows, na muuzaji haijui, iache hapohapo. Mashine za mtumba nyingi zilikuwa za makampuni, na ukikwama kwenye nywila hiyo unakuwa umenunua tatizo la mtu. Halafu bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya Performance, uangalie jina la prosesa linalotokea, si stika ya nje, stika hubandikwa. Bonyeza kibodi yote, herufi moja moja.

Betri ndiyo usiifanyie haraka. T450 ina mbili, moja ndani na moja ya nyuma inayochomoka, na ya nyuma unaweza kuibadilisha mashine ikiwa inawaka. Umeme ukikatika katikati ya mtihani wa kurasa sita utaelewa kwa nini nalisema hili. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, na uifungue ripoti. Utaona uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa, kila moja kwa mstari wake. Ikiwa betri zote mbili zimeshuka chini ya nusu ya uwezo wa mwanzo, punguza bei kwa thamani ya betri mpya. Chaja iwe ya Lenovo yenye kichwa cha mstatili, uichomeke uone inachaji kweli.

Nipigie picha ya hiyo ripoti unitumie kabla hujatoa hela.

Mama yako,
Mwanga, Kigoma